Mama Vikadi na Maneno Tisa ya Kushindikana

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mfasiri daraja la pili wa Kitengo cha Tafsiri atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Kwenye majalada ana jina refu la kiserikali. Kwenye korido zote nne za jengo hili anaitwa Mama Vikadi, na siku mkurugenzi anapomwita kwa lile jina la majalada, watu hugeuka kumtafuta mgeni.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja miaka ishirini, na kwa sababu mimi ndiye mkuu wa kitengo. Yeye mwenyewe ameniomba uwe mfupi. Namtaka radhi mapema, hautakuwa mfupi.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na mitano, mchapaji wa muda, kushika nafasi ya mwenzake aliyekwenda likizo ya uzazi. Walimpa taipureta ambayo herufi ya "k" ilikuwa imegoma. Jaribu kuandika barua ya Kiswahili bila k, uone utafika wapi. Yeye hakulalamika. Kwa miezi minne alichapa kila barua kwa kuacha mapengo, kisha akayajaza kwa kalamu nyeusi, k moja moja, wala hakuruka hata moja. Mkuu wa kitengo wa wakati huo alipokuja kuzikagua zile k, aligundua jambo jingine: mchapaji huyu alikuwa akirekebisha tafsiri kimyakimya, na zilikuwa zikitoka nzuri kuliko zilivyoingia. Aliyekuwa likizo aliporudi alikuta taipureta yake inamngoja, na Mama Vikadi amehamishiwa meza ya wafasiri.

Wengi mnajua kisa cha lifti. Ilipoharibika mara ya kwanza, mafundi walibandika karatasi iliyoandikwa "Out of order", na mfasiri mmoja akaongeza chini yake, "Lifti iko nje ya utaratibu." Watu walisimama wakisoma, wakibonyeza, wakingoja utaratibu urejee. Mama Vikadi akaibandua karatasi, akaandika: "Lifti mbovu. Panda ngazi." Mkurugenzi alimwita, akamwambia tangazo halina adabu.

"Mheshimiwa," akajibu, "mtu anayepanda hadi ghorofa ya nne haombi adabu. Anaomba aambiwe mapema."

Karatasi ile ilibaki ukutani miaka miwili, na lifti pia.

Alipofikisha miaka kumi na mmoja kazini aliagizwa kutengeneza orodha ya istilahi, ili idara zote zitafsiri maneno ya Kiingereza kwa namna moja. Hapo ndipo jina lake lilipozaliwa. Alikata karatasi ngumu vipande vya ukubwa wa kiganja, kila neno na kadi yake, akazipanga ndani ya maboksi ya viatu aliyoomba dukani. Zilifika elfu moja na mia nne. Orodha ilipigwa chapa, ikasambazwa, ikasifiwa. Mkurugenzi alipenda hasa jinsi ilivyorahisisha mambo. Kwa mfano, Kiingereza kina maneno mengi mno ya kitu kisichoweza kufanyika au kufanikiwa. Mama Vikadi alikuwa ameokota tisa kwenye majalada yetu: "impossible", "impracticable", "unfeasible", "unworkable", "unviable", "unserviceable", "futile", "hopeless", "non-starter". Yote tisa aliyapa neno moja: haiwezekani. Wachapaji walishukuru. Neno moja kwa tisa, kazi imekwisha.

Mimi nilikuja miaka minne baadaye, mhakiki mpya, mkataba wa majaribio wa mwaka mmoja, shati limepigwa pasi hadi linakata. Mama Vikadi alinionyesha msumari wa kutundika koti na kiti kisichoyumba. Kuanzia siku ile nilimwita dada, naye akaniita mdogo wangu.

Nilikuwa na wiki sita tu kazini mto ulipofurika. Kivuko cha miguu kilichouunganisha mtaa wa ng'ambo na mji, lile daraja la mbao juu ya nguzo tatu za mawe, kilipoteza sakafu yake karibu yote, na nguzo ya katikati ikainama. Mhandisi mshauri, mgeni, alikagua siku mbili, akaandika ripoti ya kurasa mbili kwa Kiingereza, akaondoka. Kufika saa nne asubuhi watu wa ng'ambo walikuwa wamejaa getini wakitaka jibu. Walikuwa wamezunguka kwa daraja kubwa la magari, mwendo wa saa mbili. Mkurugenzi akataka tangazo la mistari mitatu kabla ya chakula cha mchana, akatuletea ukurasa wa kwanza peke yake. Hitimisho lilikuwa sentensi moja: "Immediate repair is considered impracticable."

Mama Vikadi alifungua orodha yake. Akaandika: "Kwa sasa haiwezekani kulitengeneza daraja la ng'ambo." Akanipa nihakiki.

Nilichukua kalamu yangu nikafuta "kwa sasa".

"Hiyo iache, mdogo wangu," akasema.

"Dada, kitu kikiwa hakiwezekani, hakiwezekani. 'Kwa sasa' ya nini? Na mistari imeshazidi."

Alifungua mdomo anijibu, simu ikalia. Alikuwa mkurugenzi, anauliza tangazo liko wapi. Mama Vikadi akaanza kumweleza kwamba kuna neno dogo bado tunalitazama. Alipoweka simu chini, mimi nilikuwa nimeshalipeleka kwa mchapaji. Nilitaka kuonekana mwepesi. Dakika ishirini baadaye karani alikuwa getini analisoma kwa sauti kubwa.

Kati ya watu waliolisikiliza alikuwemo fundi seremala wa ng'ambo. Ndiye aliyekuwa mbele ya wote, ana karatasi mkononi yenye majina ya wanaume kumi na wanne waliojitolea. Mbao walikuwa nazo tayari, zimepangwa uani kwake chini ya turubai. Walichokuwa wanakingoja ni kuambiwa lini. Baada ya tangazo aliikunja karatasi ile mara nne, akaitia mfuko wa shati, akawaambia wenzake, "Basi, jamani. Wataalamu wamesema." Wakageuka kuanza tena mwendo wa saa mbili.

Sasa nieleze ukurasa wa pili, ambao ulibaki ndani ya jalada. Mhandisi alikuwa ameandika kwamba maji yangeshuka baada ya wiki nane, na yakishashuka, nguzo iegemezwe, sakafu mpya ya mbao iwekwe, kazi ambayo mafundi wa mtaani wangeiweza kwa siku kumi. Neno lake la "impracticable" lilikuwa na maana hiyo tu: si leo, si katika maji haya.

Maji yalishuka wiki ya nane, kama alivyosema. Hakuna aliyekuja kuuliza. Nani anauliza juu ya kisichowezekana? Mbao za uani ziligeuzwa milango na madawati. Binti wa seremala, aliyekuwa darasa la sita upande wa mjini, alizunguka kwa miguu muhula mmoja, kisha akaacha. Familia zilizokuwa na pa kwenda zilihama. Baada ya miezi kumi mhandisi alipita kwa shughuli nyingine, akasimama ukingoni, akauliza kwa nini daraja halijaguswa. Wiki ile ile mvua zilirudi, na ile nguzo iliyoachwa bila egemeo ikaenda na maji, ikaivuta na ya pembeni yake. Hapo ndipo tangazo letu lilipokuwa kweli.

Kikao cha nidhamu kilikaa ukumbi mdogo wa ghorofa ya tatu, watu watano na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa. Nami niliitwa, kama shahidi.

"Neno hili, haiwezekani, umelitoa wapi?" mwenyekiti alimwuliza Mama Vikadi.

"Kwenye orodha."

"Orodha ya nani?"

"Yangu."

"Mhandisi ameandika 'immediate', yaani mara moja. Kwenye tangazo haimo. Imekwenda wapi?"

Alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Ilipotelea mezani kwangu."

Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe mhakiki, uliona nini?"

Barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikuwa itoke baada ya wiki mbili. Nilisema, "Mimi niliangalia tahajia tu, mwenyekiti."

Mama Vikadi hakunitazama. Alipewa onyo la maandishi lililowekwa kwenye faili lake, na akaambiwa kwamba suala la kupandishwa daraja lisubiri. Lilisubiri miaka kumi na tisa. Nafasi ya mkuu wa kitengo ilipopatikana miaka minane baadaye, faili lake lilifunguliwa, onyo likasomwa, likafungwa. Lililofuata kwenye rundo lilikuwa faili langu, safi kama sahani mpya. Aliyenipongeza wa kwanza alikuwa yeye. Alinifutia vumbi kwenye kiti cha mkuu kwa kitambaa chake mwenyewe.

Sherehe za kuaga huwa zinataja mafanikio, na mafanikio yake makubwa yalianza hapo alipoangukia. Jumamosi moja baada ya kikao alichukua kadi tupu, akazunguka kwa daraja kubwa, akaenda ng'ambo kwa seremala. Alimwambia yeye ni nani. Seremala hakumkaribisha. Alimwambia, akiwa amesimama na randa mkononi, "Dada, mto sina ugomvi nao, mto ni mto. Kinachoniuma ni kwamba niliwaamini." Akaendelea kupiga randa mpaka mgeni akaondoka.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Ya tatu akapewa kigoda. Ya nne akamwuliza swali alilokwenda nalo tangu mwanzo: wewe katika kazi yako, kitu kisipofaa, unasemaje?

Seremala akacheka, mara ya kwanza. "Kisipofaa vipi? Kuna ubao haufai kwa mlango lakini unafaa kwa rafu. Kuna uliooza, huo haufai kwa lolote. Kuna mbichi, huo nauambia tu ukae, ungoje ukauke. Huo mbichi mtu akiuita mbovu, nitamshangaa."

Alirudi na kadi tatu. Kuanzia hapo Jumamosi zake zikawa za kuuliza. Fundi baiskeli alimtenganishia chombo kilichochoka na chombo kilichokufa. Kocha wa timu ya vijana alimwambia juu ya mipango inayopendeza ubaoni na uwanjani haitembei, na hiyo ikawa tafsiri ya "unworkable": mpango usiotembea. Mkulima wa mpunga alimpa "pepe", ile punje nzima kwa nje na tupu ndani, na Mama Vikadi akaitunza kwa ajili ya ahadi na vifaa vinavyong'aa tu. Dereva wa lori alisema gari linaweza kukataa kuwaka, au likawaka na kukataa kwenda, na kwamba ni mgeni wa magari tu anayeyachanganya hayo; "non-starter" ikapata mahali pake, wazo lisilowaka. Muuguzi wa wodi ya wazee alimwomba neno "futile" asilifanye "haina maana" hata siku moja. "Waambie ndugu kwamba dawa hii haitamsaidia tena," alisema. "Mgonjwa bado ana maana. Kumshika mkono kuna maana."

Kadi hiyo ya muuguzi aliniletea mezani Jumatatu asubuhi, akaisimamisha mbele yangu, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Orodha mpya ilimchukua miaka tisa. Maneno tisa yalipata maelezo tisa, na "haiwezekani" ikabakishwa kwa "impossible" peke yake: lile ambalo hata upewe watu wote na siku zote, halitakuwa. Kwa "impracticable" aliandika: "haitekelezeki kwa hali iliyopo, ni lazima kuitaja hali yenyewe." Na mwanzoni mwa fungu lote aliweka maswali matatu, ambayo kila mfasiri aliyepita hapa ameyabandika ukutani: Haiwezekani kwa nani? Mpaka lini? Kwa sababu gani? Ukikosa majibu, usiandike, rudi kwa aliyeandika.

Nilitia saini dibaji ya orodha hiyo kama mkuu wa kitengo. Nilimshukuru kwa bidii yake. Kuhusu daraja niliandika "dosari iliyojitokeza miaka ya nyuma", kana kwamba dosari hujitokeza yenyewe, kama ukungu kwenye mkate.

Wiki tatu zilizopita alikuwa anafungasha vitu vyake, mimi nasaini karatasi za kustaafu kwake. Niliweka kalamu chini, nikafunga mlango, nikamwambia.

"Dada, ile 'kwa sasa'. Mimi ndiye niliyeifuta."

Aliendelea kukunja gazeti kuzungushia kikombe. "Najua, mdogo wangu. Nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema pale kikaoni?"

"Wangekutimua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano kazini, wewe huna hata mwaka. Na neno lilikuwa langu kweli. Ningekupa neno zuri, usingepata cha kufuta." Akaweka kikombe ndani ya boksi. "Nikajua utasema mwenyewe ukishathibitishwa. Ukathibitishwa. Nikasema basi, akishapata cheo. Ukapata cheo. Nilikuwa nangoja tu. Sikudhani ningengoja mpaka nafungasha vyombo."

Nilimwomba msamaha. Akasema amekwisha kunisamehe, lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka, na nisingependa msomaji adhani kwamba palikuwa na kukumbatiana. Kisha akasema, "Yule seremala bado yupo. Kwangu mimi kilichopotea ni cheo tu."

Jumamosi nilizunguka kwa daraja kubwa. Sasa kuna basi dogo, lakini nilitembea. Mtaa wa ng'ambo una nyumba nyingi zilizofungwa. Miaka kumi na moja baada ya mafuriko lilijengwa daraja jipya mbali kule chini, la maghala, na waliobaki halikuwasaidia sana. Nilimkuta fundi uani, mvi zimejaa, binti yake anashona kwa cherehani barazani. Ni fundi mzuri, nguo zake zinajulikana hata mjini. Darasa la sita alikuwa akisema atakuwa muuguzi.

Nilimweleza yote, nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yule dada," akasema, "miaka yote hiyo anakuja hapa kunitaka radhi, kosa ni lako?"

"Nusu yake ni yangu, fundi."

"Na hiyo nusu ndiyo iliyotunyima daraja."

"Ndiyo."

Binti alisimamisha cherehani. Akanitazama mpaka nikainamisha macho. Baba yake akachukua randa. "Haya, umesema, nimesikia. Nenda. Siku nikiwa na jibu, nitakuletea mwenyewe ofisini kwako."

Bado hajaja. Akija, walinzi wa getini wana maagizo wampandishe moja kwa moja.

Kwa upande wa ofisi, nimemwandikia mkurugenzi kueleza kilichotokea mezani petu siku ile na nilichokisema kikaoni, na kuomba lile onyo litolewe kwenye faili lake kabla hajastaafu. Majibu hayajatoka. Kama yangechelewa mpaka baada ya sherehe, sikutaka aagwe na watu wasiojua, ndiyo maana nimeyaandika hapa, katika jarida linalosomwa na idara zote, na ndiyo maana nitayasoma tena mwenyewe ukumbini.

Mama Vikadi anakwenda kuishi na dada yake mkubwa, ambaye wamegombana kwa furaha tangu utotoni na wana mpango wa kuendelea. Watalima bustani ya mboga. Ameshatangaza kwamba hatatafsiri hata maelezo ya pakiti ya mbegu.

Wachapaji uliowafundisha kukagua kazi yao mara mbili wanakushukuru. Wafasiri uliowarudisha kwa mwandishi kuuliza "mpaka lini?" wanakushukuru, ingawa wakati ule walinung'unika. Kitengo kizima kinakutakia afya, usingizi mnono, na asubuhi zisizo na jalada.

Nenda salama, dada. Na hili kosa usiondoke nalo. Liache hapa ofisini, mwenyewe nipo.